Unahamia R6 na una lenzi za EF? Usiziuze zote, na usizibakize zote

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili maana ndilo lililoninyima usingizi wakati nahama. Umesema unatoka kwenye Canon 6D, ambayo ni DSLR ya lenzi za EF, umepata R6 ya mtumba, ambayo ni mirolesi ya lenzi za RF, na una lenzi nne za EF: 50mm f/1.8 STM, 85mm f/1.8, 17-40mm f/4L na 70-200mm f/2.8L IS II. Unauliza uuze zote ununue za RF, au uchukue adapta ya kuzifunga kwenye R6 uendelee nazo. Tena kuna jamaa kakushauri uende Sony uzifunge hizo hizo EF kule. Mimi napiga harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar, na nimepita njia hiyo hiyo, kutoka 6D kwenda R6. Nakueleza niliyoyaona kazini.

Kwanza ondoa hofu ya adapta. Wengi wanadhani inapunguza ubora wa picha. Hii ya EF kwenda RF haina lenzi yoyote ndani. Ukiichungulia unaona upande wa pili, kama bangili. Kazi yake ni kurudisha nafasi iliyopotea. DSLR ina kile kioo kinachoruka juu kila ukibonyeza shata, na ili kipate pa kuchezea, lenzi za EF tangu 1987 zimeundwa zikae milimita 44 kutoka kwenye senso. Mirolesi imekitoa kioo, na RF ilipokuja 2018 ikasogea hadi milimita 20. Zinabaki 24, ndio unene wa adapta yenyewe. Mawasiliano yanapita kwenye pini, lugha ni ya Canon pande zote mbili, na kamera inaitambua lenzi yako kama ya nyumbani. Za RF zina pini 12 badala ya 8, zinaongea mengi zaidi, lakini EF hawi mgeni.

Sasa nikuambie kilichonishangaza. Ile 85mm f/1.8, lenzi ya tangu 1992, ilipata maisha mapya. Kwenye 6D nilikuwa siithubutu kwa f/1.8, yaani tundu likiwa wazi kabisa. Bibi harusi kakaa, kageuza shingo kidogo, napiga picha kumi, nyumbani nafungua kompyuta nakuta hereni imekaa kali, jicho limelegea. Nilidhani lenzi ni mbovu. Kumbe DSLR inapima fokasi kwa senso nyingine iliyo chini ya kioo, si kwa ile inayochukua picha, na zikipishana hata kidogo fokasi inaangukia mbele au nyuma ya ulipolenga. 6D ina menyu ya kurekebisha hilo, nami niliirekebisha mara nyingi tu, ila ukibadilisha umbali inapotea tena. Mirolesi inapima fokasi kwenye senso ile ile ya picha. Nilipoifunga 85 kwenye R6 kwa mara ya kwanza, kale kaboksi ka fokasi kakaganda kwenye jicho la binti yangu, na hata alipokimbia sebuleni hakakuachia. Kope zilihesabika. Juu ya hapo, 85 haina kitulizaji chake cha mtikisiko, lakini R6 inayo kwenye bodi, na inamtuliza EF pia. Ukumbini kwenye taa hafifu nilianza kushusha shata hadi 1/60 ya sekunde na picha inasimama, ilimradi mtu mwenyewe katulia.

Kwa hiyo 85 usiuze. Mbadala wa RF wa bei ya kawaida ni 85mm f/2 Macro, na kwa kazi yetu mota yake ya fokasi ni nzito. Inatafutatafuta pale ambapo USM, mota ya ile 85 ya zamani, imeshafika. Angalizo moja ni video: mota ya hiyo USM inasikika kwenye maiki ya kamera, na fokasi inaruka badala ya kuteleza. Kama unapiga video, hapo tafuta nyingine.

50mm uza, tena bila kufikiria sana. Ya EF ina gramu 160 hivi na ya RF f/1.8 vile vile, lakini ya EF lazima ibebe adapta ya gramu 110 mgongoni. Kile kilenzi kidogo kilichokuwa raha yake ni wepesi kinageuka kuwa kirefu bila sababu. Ya RF pia inakaribia hadi sentimita 30, zile za hina na pete zinakaa vizuri zaidi. Bei yake haiumi.

17-40 ibaki nayo kwanza. Ni ya 2003, pembeni si kali sana ukiwa f/4, lakini picha ya familia nzima jukwaani unaipiga f/8 kwa fleshi, na hapo haina tatizo.

70-200 ndiyo inahitaji uamuzi wa kweli. Yako ina gramu 1,490. Weka adapta, unabeba kilo 1.6 mbele ya kamera. Ya RF f/2.8 ya kwanza, si ile ya Z, ina gramu 1,070. Nusu kilo na ushee kuanzia nikahi saa tisa hadi ukumbini saa sita usiku si jambo dogo, kiwiko changu kinalijua. Lakini bei ya kuziba pengo hilo ni kubwa, na picha zenyewe ukiziweka pamoja mteja hatazitofautisha. Halafu ile yako haibadiliki urefu ukizumu, wakati hiyo ya RF ya kwanza inachomoza mbele. Kwa mtu anayepiga ufukweni kwenye upepo na mchanga, mimi napenda iliyofungwa. Nilikaa na yangu kwenye adapta misimu mitatu kabla sijabadilisha, na nilibadilisha kwa sababu ya mgongo tu.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Adapta nunua ya Canon yenyewe. Yangu ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, ya kampuni nyingine. Dukani ilikaa safi. Ila ukiishika lenzi na kuizungusha kidogo kushoto kulia ulisikia mchezo, kama kifuniko cha chupa kisichokaza. Nikapuuza. Siku ya harusi, MC anatangaza, milango inafunguliwa, maharusi wanaingia, nami nimeshika kamera kwa bodi, 70-200 inaning'inia kwa uzito wake wote. Skrini ikaandika kosa la mawasiliano na lenzi, shata ikagoma. Nikazima, nikawasha, nikatoa betri, nikaizungusha lenzi upya. Kamera iliporudi hewani, maharusi walikuwa wameshafika jukwaani. Ile picha ya kuingia ukumbini haimo kwenye albamu yao, na nilikwenda mwenyewe kumweleza mama wa bibi harusi. Mwanya mdogo kwenye maunti, pale lenzi inapofungwa, na uzito wa lenzi vilitosha kutenganisha pini kwa sekunde. Tangu siku ile nashika lenzi, sishiki bodi, na stendi naifunga kwenye mguu wa lenzi, hata nikiwa na adapta nzuri.

Na usibadilishe badilishe adapta kati ya lenzi ukumbini. Mimi naiacha ikiwa imefungwa nyuma ya 70-200 moja kwa moja, naitendea kama sehemu ya lenzi. Nilinunua ya pili kwa ajili ya 85. Kama unapiga video za nje mchana, ipo ya Canon yenye nafasi ya kuchomeka filta ya kupunguza mwanga nyuma ya lenzi. Filta moja inatumika kwa lenzi zote za EF, na hilo hata lenzi za RF hazikupi kirahisi.

Kuhusu Sony: ukienda huko, uza EF zako zote. Adapta zipo, ile MC-11 ya Sigma ya 2016 inajulikana, lakini Sigma waliitengeneza kwa ajili ya lenzi zao. Lenzi ya Canon juu yake inafanya kazi leo vizuri, kesho kwenye mwanga hafifu fokasi inaanza kwenda mbele nyuma. Picha za mazingira sawa. Bibi harusi anayetembea, hapana. Tena ukiwa Sony huna haja ya EF, maana Tamron na Sigma wanatengeneza lenzi nyingi za maunti ya E, ya Sony yenyewe, kwa bei za kueleweka. Kwenye RF za fulufremu, yaani za senso kubwa kama ya R6, uhuru huo haupo, na ndio maana hasa EF za mtumba bado zina thamani kwetu.

Yule aliyeuliza chini yako kuhusu Nikon: FTZ, adapta yao ya kufunga lenzi za DSLR kwenye mirolesi za Z, inaendesha fokasi ya lenzi za AF-S vizuri, ila za zamani za AF-D hazifokasi zenyewe, kwa sababu zilitegemea mota iliyomo kwenye bodi na FTZ haina. Kabla hujanunua bodi ya Z angalia maandishi kwenye lenzi zako.

Mkuu, kabla hujaamua lolote kuhusu hiyo 70-200, toa vifuniko vyote viwili usiku, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Hapa pwani unyevu ni mwingi, na lenzi iliyokaa kwenye begi miezi huingia fangasi. Utaona vinyuzi kama utando wa buibui. Ikiwa safi, ifungie adapta upige nayo harusi mbili. Ikiwa na utando, weka picha yake hapa kwanza tuione imefika wapi.