Mwenyekiti wa mtaa hatoi kibali cha ujenzi, lakini ana kazi ya kufanya

SWALI: Jirani yetu alianza nyumba ya kawaida, sasa anamwaga zege la ghorofa ya pili. Ukuta wetu umeanza kupata nyufa. Mwenyekiti wa mtaa anasema vibali havimhusu. Twende kwa nani, na kiongozi wa namna hii tumpimeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kuhusu kibali, mwenyekiti yuko sahihi. Kibali hutolewa na halmashauri, baada ya maombi kupitiwa na wataalamu wa ardhi, mipango miji, uhandisi na afya. Barua ya serikali ya mtaa humtambulisha mwombaji tu. Hata hivyo, kupokea lalamiko na kulifikisha panapohusika ni kazi yake, na hapo hana pa kujitetea.

Anzeni na kibao kilichopo mbele ya eneo la ujenzi. Kipigeni picha: namba ya kibali, mkandarasi, msanifu, mhandisi. Kibao kisipokuwepo, hiyo ni dalili, bado si ushahidi. Pengine kibali kipo, ila ni cha nyumba ya chini. Hili ndilo la kuogopesha, kwa sababu msingi na nguzo zilipigiwa hesabu ya uzito mdogo. Ghorofa lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, liliua watu 36. Nyufa zenu zisisubiri.

Katika barua ya lalamiko msiandike "jirani anatuonea". Andikeni vinavyopimika: idadi ya ghorofa, umbali kwa mita kutoka ukuta wake hadi mpaka (si hadi dirishani kwenu), tarehe na saa za kumwaga zege, na picha za ufa zikiwa na rula kando yake. Picha hizo zipigwe kila wiki, mahali pale pale, ili ionekane kama ufa unapanuka.

Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Malalamiko mengi hufia hapa: watu huenda kulalamika kwa mdomo, wanaahidiwa, na baada ya miezi mitatu hakuna karatasi ya kumbana mtu. Ombeni mawili tu: mhandisi afike kukagua, na ujenzi usimame hadi ukaguzi uishe. Msikimbilie kudai nyumba ibomolewe. Nyumba ikiwekwa alama ya X nyekundu, ya kuzuia ujenzi, na mafundi wakaendelea, rudini na picha siku hiyo hiyo.

Ugomvi wa mpaka una njia yake. Mpima ardhi huonyesha bikoni (alama za mpaka) zilipo, baraza la ardhi la kata husuluhisha, na ikishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkiyachanganya mawili haya kwenye barua moja, kila ofisi itawaelekeza kwa mwenzake.

Sasa mwenyekiti. Je, anaitisha mkutano mkuu wa mtaa kila miezi miwili? Mapato na matumizi yanasomwa? Lalamiko lenu liko kwenye muhtasari, na lilipelekwa kata tarehe gani? Ulizeni hayo mkutanoni, majibu yaandikwe. Mkumbuke pia kwamba mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, hivyo uzembe wake unapelekwa kwa mkurugenzi. Mwenyekiti mlimchagua wenyewe, na atawajibika kwenu. Mkiombwa chochote ili barua isogee, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea simu bila malipo kwa namba 113.

SWALI: Nikiongeza vyumba viwili uani, nahitaji kibali kipya?

JIBU: Ndiyo, nyongeza nayo ni ujenzi. Andaa michoro, hati au leseni ya makazi, na risiti ya kodi ya pango la ardhi. Ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si mkononi mwa mtu, na mafundi wasichimbe msingi kabla kibali hakijatoka.