Pawasoo ya injekta au ya kabureta? Ushauri kwa wakata miti wa Pwani

Vijana wanaoingia kazi ya kukata miti kwa pawasoo, yaani msumeno wa injini, hapa Mombasa huniuliza kabla ya kutoa pesa: ninunue pawasoo ya kabureta au hii ya injekta? Kwa wengi wao jibu langu ni kabureta, na sababu si kwamba injekta ni mbaya.

Kabureta inategemea mvuto wa hewa kufyonza petroli. Mchanganyiko anaupanga fundi kwa bisibisi: skrubu ya L kwa mwendo mdogo, ya H kwa mwendo wa kasi. Akishamaliza, imekaa hivyo mpaka aiguse tena. Pawasoo ya injekta, na inayojulikana zaidi ni Stihl MS 500i, haina skrubu hizo wala choki ya kuwashia. Sensa hupima joto na shinikizo ndani ya injini, kompyuta ndogo huamua kiasi cha petroli, na injekta huipuliza. Betri haina, umeme hutoka kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini, inapozunguka.

Faida yake kubwa utaiona ukiwa mtu wa kuhamahama. Jamaa mmoja alishuka na pawasoo yake kutoka Molo, juu ya mita 2,000, kuja kukata mikungu Nyali. Ilikuwa imepangwa kwa hewa nyepesi ya kule. Huku usawa wa bahari hewa ni nzito, kwa hivyo petroli ile ile ikawa haba, na penye petroli haba oili nayo ni haba, kwa kuwa zimechanganywa pamoja. Injini ilipiga kelele nyembamba, kali, yeye akafurahia eti ina nguvu. Haikuchukua muda pistoni ikakwaruzika na silinda ikaenda nayo. Injekta ingejirekebisha yenyewe pale pale.

Lakini wewe unayekata Likoni leo, Kisauni kesho na Mtwapa wiki ijayo, unapanda mlima gani? Joto letu halibadiliki sana mwaka mzima. Kabureta ikipangwa vizuri hapa hapa Pwani, hudumu. Namna ya kuijua: vuta moto mpaka mwisho mnyororo ukiwa hewani. Injini ilie kwa kukwaruza kidogo, na ikiingia kwenye mti sauti isafike. Ikiwa hewani tu tayari inalia nyembamba na safi, zima, fungulia H kidogo. Kisha toa plagi uitazame: kahawia ni sawa, nyeupe inakuonya petroli ni haba, nyeusi yenye maji maji ina petroli nyingi mno.

Ipo pia njia ya katikati ambayo watu huisahau. Stihl wana M-Tronic, Husqvarna wana AutoTune. Ni kabureta, ila kompyuta ndiyo inayoipanga badala ya bisibisi. Mimi ningeangalia hapo kabla ya injekta.

Kwa nani basi injekta inalipa? Kwa anayelaza miembe mikubwa na mikuyu kila siku, yuko chini, anakata magogo. MS 500i ina cc 79.2 na kilowati 5, na bila ba (bapa la chuma linalobeba mnyororo) na mnyororo wenyewe ni kilo 6.2 tu. MS 661 ya kabureta ina kilowati 5.4 lakini inapita kilo 7. Tofauti hiyo mgongo unaijua ifikapo alasiri. Halafu hiyo 500i inachangamka: Stihl wenyewe wanasema mnyororo unafika kilomita 100 kwa saa ndani ya robo sekunde. Kwa kupogoa matawi juu ya kamba, sahau. Huko unataka kapawasoo kadogo ka kushika kwa juu.

Na kama kazi yako ni minazi, pesa weka kwenye minyororo na tupa za kunolea. Mnazi unaua makali upesi, na hakuna injekta itakayokunolea.

Jambo linaloua pawasoo za mji huu, za aina zote mbili, ni mafuta. Petroli ya chupa kando ya barabara, oili ya bei ya kutupa, mchanganyiko uliokaa kwenye jerikeni tangu masika. Kwa oili nzuri ya tu-stroki ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Pima kwa chombo, usimimine kwa macho. Uchafu ukiziba kabureta, fundi yeyote mzuri wa Mwembe Tayari ataifungua, aisafishe, abadilishe diaframu (kile kiwambo chembamba cha ndani), na jioni uko kazini. Injekta ikigoma inataka kifaa cha kompyuta cha wakala.

Kwa hivyo kabla ya kulipia, muulize muuzaji: kifaa hicho mnacho hapa Mombasa? Na injekta ya akiba je? Akisema lazima ipelekwe Nairobi, zihesabu na siku hizo utakazokaa bila kazi kwenye bei ya mashine.