Safu ya "Tofauti" Haitoshi, Wadogo Zangu

Wadogo zangu mliokuja Kigoma kwa fildi, jana nimefungua daftari lenu la mapigano ya samaki nikakuta vipimo vya miili viko kwenye safu moja tu: "tofauti". Nikalifunga, nikaenda kunywa chai kwanza. Haya, tukae tuongee.

1. Matangi yafunikwe pembeni. Samaki asiyepigana anatazama, na anakumbuka. Mwaka 2007 Grosenick, Clement na Fernald walichapisha kwenye jarida la Nature kazi yao juu ya Astatotilapia burtoni, samaki wa ziwa letu hili. Dume mtazamaji alioneshwa A akimpiga B, B akimpiga C, C akimpiga D, D akimpiga E. Kisha akawekewa B na D, ambao hakuwahi kuwaona wakikutana, na wote wawili alishawaona wakishinda na wakishindwa. Akajisogeza kwa D, yule mnyonge. Kwa hiyo jirani aliyetazama pambano la asubuhi msiniletee mchana mkisema hajui kitu.

2. Waingie tangini kwa wakati mmoja. Mwenyeji ana kiburi cha nyumbani.

3. Urefu. Hapa ndipo nilipoumia, mnivumilie.

Nilipokuwa mgeni kama nyie nilipima madume kwa rula, nikatoa mdogo kwa mkubwa, nikaandika jibu, nikawarudisha samaki ziwani. Nikajiona mtu nadhifu. Grafu ikatoka nzuri ajabu: wanaolingana walipigana muda mrefu, waliopishana sana walimalizana upesi. Nikasimama mbele ya watu na shati la kuazima nikatangaza kwamba madume haya hupimana, kila mmoja anasoma nguvu za mwenzake. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole, "Aliyeshindwa alikuwa na urefu gani?" Nikamtajia tofauti. "Hapana mwanangu, aliyeshindwa peke yake." Nikapekua karatasi kana kwamba namba ingeota pale. Kumbe swali hilo limo kwenye makala ya Taylor na Elwood ya 2003, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiorodhesha kwenye marejeo bila kuimaliza.

Watazameni watoto wa Kibirizi wakishindana kukaa chini ya maji. Kila mmoja kafumba macho, hajui mwenzake ana pumzi kiasi gani, na mchezo unaisha mwenye pumzi fupi anapoibuka. Hapo hakuna aliyempima mwingine. Sasa, tofauti ya miili ikiwa kubwa, mara nyingi aliyeshindwa ni mdogo kweli, anachoka mapema. Grafu yangu ingetoka vile vile hata kama kila samaki anajijua mwenyewe tu! Dawa yake ni kulinganisha muda wa pambano na urefu wa mshindwa, kisha na urefu wa mshindi, kila mmoja kivyake. Kama wanapimana kweli, mshindi anavyozidi ukubwa ndivyo pambano linavyofupika. Kama kila mmoja anajipima mwenyewe, ukubwa wa mshindi haulifupishi. Mimi sikuwa na cha kulinganisha, na samaki wangu walishazagaa miambani. Msimu mzima ukaenda na maji.

Safu mbili, basi. Milimita.

4. Rangi iandikwe kabla ya pambano. Dume mbabe ana mchirizi mweusi unaopita jichoni. Ukififia ghafla na mwili ukapauka, msimwite mgonjwa. Amekubali yaishe.

5. Wageni wa Gombe watawauliza kama mapigano yanaamuliwa na mwili tu. Wasimulieni habari za Mike, sokwe aliyeanza kuyagonganisha madebe matupu ya mafuta ya taa mwaka 1964 mbele ya madume wenzake, akapanda hadi kuwa kinara, naye hakuwa na umbo la kutisha. Jane Goodall alikuwepo akiandika. Madebe yenyewe yalikuwa ya kambini, kwa hiyo na nyie acheni kutelekeza ndoo ufukweni. Zetu hachukui sokwe, zinachukuliwa na mawimbi, na bajeti haijui kutofautisha.

6. Ziwani aliyeshindwa hujichomeka kwenye ufa wa mwamba. Tangini hana pa kwenda, na mshindi haachi kumng'ata. Wekeni kigae kila kona, na akianza kuganda juu karibu na uso wa maji, mtoeni hata kama saa yenu bado inahesabu.