Garden City mpaka Dodge City ni karibu, kama una gari

Binamu yangu amepata mchongo kiwanda cha nyama Dodge City, sasa ananiuliza, wewe si uko Garden City hapo hapo Kansas, Marekani, si nikae kwako niwe naenda kazini na kurudi? Najua wengi nyumbani mnawaza hivyo hivyo maana kwenye ramani hiyo miji imegusana.

Najibu bila kuremba. Ni maili kama 55, karibu kilomita 90, chukulia Moshi na Arusha halafu ongeza kidogo. Ila Moshi ukisimama tu barabarani kuna Kosta, kuna Noah, konda anakuvuta mkono, ikikuacha hii unapanda inayofuata. Huku sahau. Treni ipo, Amtrak, lakini ni moja kwa siku kila upande, na ya kwenda Dodge City inapita usiku, sasa wewe shifti ya pili unaingia mchana unatoka karibu saa sita usiku, hiyo treni inakusaidia nini?

Ukiwa na gari ni kama lisaa limoja. Barabara ni US-50, sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, unapita Ingalls, unapita Cimarron, basi, kwingine kote ni mashamba, maghala marefu ya nafaka na mazizi ya ng'ombe ambayo harufu yake inaingia hata ufunge vioo vyote. Kinachochosha ni upepo jamani. Lori la ng'ombe likipishana na wewe kagari kako kanasukumwa pembeni, usukani unaushika kwa mikono miwili, na usiku kuna paa wanaokatiza barabara. Ikifika winta theluji inapeperushwa mpaka huoni hata mstari wa katikati, kuna siku wanafunga njia kabisa, na kazini ukikosa unahesabiwa pointi, zikijaa unaondolewa.

Halafu mafuta. Kwenda na kurudi maili 110, gari la kawaida linakula galoni 4 na kitu, kama lita 17, kila siku ya kazi, bima hujagusa. Watu wanaofanya hivyo wapo, wanajipakia wanne gari moja wanachangia, ila mwenye gari akiumwa au akiacha kazi wote mmekwama (na huwa anaacha, hawa watu wanahama kila siku).

Kwa hiyo binamu apange huko huko Dodge City, hata chumba cha kuchangia na Wakongo au Wasomali, awe karibu na kiwanda, kwangu aje wikiendi tule ugali. Uwanja wa ndege wa Wichita nitaenda kumpokea mwenyewe, lakini kutoka kwangu hiyo ni zaidi ya masaa matatu kwenda tu, kwa hiyo tiketi ikitoka anitumie tarehe siku hiyo hiyo niombe ofu mapema.