Kwa mliochaguliwa juzi kuongoza tawi la chama chetu cha wafanyakazi

Wadogo zangu, kabla hamjakaa mezani na mwajiri, ifuatilieni safari ya Cyril Ramaphosa. Mimi ni katibu wa tawi mwaka wa tisa sasa, na bado nairudia.

Ramaphosa hakuwa mchimbaji. Alikuwa mwanasheria kijana mwaka 1982, NUM, chama cha wachimba migodi cha Afrika Kusini, kilipoanzishwa naye akawa katibu mkuu wake. Rais wa chama alikuwa James Motlatsi, mchimbaji kutoka Lesotho. Mjuzi wa sheria akashikana na mjuzi wa shimo. Kama wewe kipaji chako ni kuandika barua, mtafute wa shimoni. Wanachama watamsikiliza yeye kwanza.

Agosti 1987 NUM iliitisha mgomo wa mishahara. Mamia ya maelfu waligoma kwa wiki tatu. Waajiri wakafukuza makumi ya maelfu, na chama kikakubali watu warudi kazini bila nyongeza waliyoidai. Nilipokuwa mgeni niliuona huo ni unyonge. Kisha tawi letu likagoma bila kupanga namna ya kurudi, na wenzetu kumi na wawili wakapoteza kazi. Mmoja wao nilimwingiza chamani mimi mwenyewe. Ndipo nikamwelewa Ramaphosa. Msitangaze mgomo kabla hamjakubaliana nani atasema basi, na ni kiasi gani mtakipokea kikija pungufu.

Ustadi huohuo ulimpeleka mbali. Mwaka 1991 akawa katibu mkuu wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, akaongoza ujumbe wake kwenye mazungumzo ya kumaliza ubaguzi, kisha Bunge lililoandika katiba ya 1996, ambayo imeitaja haki ya kugoma.

Lakini msiishie hapo. Mwaka 2012 wachimbaji wa Marikana, eneo la migodi ya platini Afrika Kusini, walidai randi 12,500 na kuipita NUM pembeni, kwa kuwa waliona haiwasikii tena. Ramaphosa alikuwa mkurugenzi katika bodi ya kampuni yao, na aliandika baruapepe akitaka vurugu zile zishughulikiwe kama uhalifu. Agosti 16 polisi waliwaua 34. Tume ya uchunguzi haikumtia hatiani. Mwaka 2017 aliomba radhi kwa lugha aliyotumia, na mwaka uliofuata akawa rais wa nchi. Kwangu, urais haufuti Marikana.

Ndiyo maana kila nikitoka kikaoni na mwajiri, siendi nyumbani. Nasimama getini hadi zamu ya usiku iingie, niwaambie tumefikia wapi.