Maswali na majibu: Diski ya mtandao inaandika upesi, inasoma kwa kujikokota

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni ofisa TEHAMA wa hospitali. Picha zetu za eksirei na CT zinakaa kwenye NAS (kisanduku cha diski za mtandao) iliyounganishwa na seva ya Linux kwa iSCSI (njia ya kuitumia diski ya mbali kupitia mtandao kana kwamba imo ndani ya seva), na seva inaiona kama /dev/sdb. NAS ina kadi ya 10 Gb/s, seva ina ya 1 Gb/s, zote ziko kwenye swichi moja. Nikipima kwa dd (amri ya kunakili data), kuandika napata 640 MB/s lakini kusoma ni 22 MB/s tu. Nimeendesha iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) kutoka kwenye seva kwenda NAS nikapata 940 Mb/s, kwa hiyo mtandao ni mzima. Muuzaji anasema diski zimechoka, tununue nyingine. Nimwamini?

JIBU: Nzuri, ndugu. Usinunue kitu bado.

Tuanze na hiyo 640, maana ndiyo inayokupoteza. Gb ni gigabiti, na biti nane ni baiti moja, kwa hiyo waya wa 1 Gb/s haupitishi zaidi ya MB 125 kwa sekunde, na ukitoa vichwa vya pakiti unabaki na kama 115. Kwa hiyo 640 haikupita kwenye waya. dd iliandika kwenye RAM ya seva, keneli (kiini cha Linux) ikajibu "tayari", kisha ikaendelea kuisukuma data kwenda NAS wakati wewe umeshaandika matokeo kwenye daftari. Kusoma hakuna ujanja huo. Data ambayo haimo kwenye RAM lazima itoke NAS, na programu inakaa kuisubiri. Rudia kipimo cha kuandika ukiweka conv=fdatasync, inayoilazimisha dd ingoje data ifike kwenye diski, uone namba ikishuka. Ila andika kwenye faili la majaribio, kamwe si kwenye /dev/sdb yenyewe, usije ukafuta picha za wagonjwa.

Hiyo iperf3 nayo umeipima upande mmoja. Kwa kawaida anayeanzisha kwa -c ndiye anayetuma, yaani umepima barabara ya kuandika. Ya kusoma ni hii:

iperf3 -c IP-ya-NAS -R

Usitazame kasi peke yake. Tazama safu ya Retr kwenye mstari wa mwisho wa mtumaji. Hizo ni pakiti zilizotumwa upya baada ya kupotea. Zikiwa nyingi, mtandao wako si mzima hata kama kasi inapendeza, kwa sababu iperf3 hutiririsha data mfululizo na TCP (itifaki inayohakikisha pakiti zinafika) hupata nafasi ya kujirekebisha, wakati iSCSI hujibu kwa mafungu.

Na hapa ndipo ninaposhuku tatizo lako lilipo. Seva ikiomba MB 1, NAS inairusha kwa 10 Gb/s. Swichi inaipokea kwa kasi hiyo lakini poti inayoelekea seva inatoa kwa 1 Gb/s, kwa hiyo tisa ya kumi ya fungu inabidi isubiri kwenye bafa ya poti, yaani kumbukumbu ndogo ya kungojea zamu. Ni ndoo inayomiminwa kwenye mdomo wa chupa. Swichi nyingi za bei nafuu zina bafa ndogo, tena poti zote zinaigawana. Ikijaa, pakiti zinatupwa kimyakimya. Kuandika hakuguswi, kwa sababu huko mwembamba ndiye anayemtumia mpana.

Pakiti ikipotea katikati ya fungu, zinazofuata humshtua mtumaji na anairudia upesi. Zikipotea za mwishoni, hakuna inayofuata ya kumshtua, na anaweza kulazimika kungoja saa ya TCP iishe. Kwenye Linux saa hiyo haishuki chini ya milisekunde 200. Kwa muda huo waya wako ungeweza kupitisha MB 25, kumbe umekaa mtupu. Ngoja ngoja za namna hiyo chache tu kila sekunde zinatosha kukufikisha kwenye 22.

Ushahidi utafute upande sahihi. Mafundi wengi huchungulia seva, wanakuta safi, wanahitimisha mtandao hauna kosa. Wakati wa kusoma mtumaji ni NAS, kwa hiyo hesabu ya kutuma upya inaongezeka kule. Kama NAS inakuruhusu kuingia kwa SSH (kutoa amri ukiwa mbali) na ina nstat (amri ya kusoma hesabu za mtandao), endesha nstat -az TcpRetransSegs kabla na baada ya kusoma GB chache. Kama hairuhusu, ingia kwenye swichi utazame idadi ya pakiti zilizotupwa wakati wa kutoka kwenye poti ya seva.

Ukizikuta, dawa ninayoipendelea ni kuipa seva kadi ya 10 Gb/s, ikiwa swichi bado ina poti ya kasi hiyo. Unaweza pia kuwasha udhibiti wa mtiririko kwenye swichi na NAS, ili swichi iiambie NAS ipumzike badala ya kutupa pakiti. Ni bure, ila amri ya kupumzika inasimamisha poti nzima ya NAS, na seva nyingine zinazoitegemea zitangoja pamoja na yako. Fremu kubwa za MTU 9000, yaani pakiti za hadi baiti 9000, usizikimbilie. Zisipolingana kwenye seva, swichi na NAS utaongeza ugonjwa. Na kama zimeshawashwa, thibitisha kwa ping -M do -s 8972.

Inawezekana pia pakiti hazipotei kabisa. Basi pima hivi kwa fio (programu ya kupima diski), mara moja kwa iodepth=1 na mara ya pili kwa iodepth=16, yaani idadi ya maombi yanayotumwa kwa pamoja:

fio --name=soma --filename=/dev/sdb --readonly --rw=read --bs=128k --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=1 --runtime=30 --time_based

Neno --readonly usilisahau. Kama kwa 1 ni pole na kwa 16 waya unajaa, diski na mtandao ni vizima. Seva inaomba kidogo kidogo mno na kungoja jibu kila mara. Tazama blockdev --getra /dev/sdb. Ukiona 256, ni sekta za baiti 512, yaani KB 128 tu za kusoma mbele (kuchukua data kabla haijaombwa). Weka blockdev --setra 4096 /dev/sdb, ambayo ni MB 2, ufungue tena picha ya CT. Mpangilio huu hufutika seva ikiwashwa upya, kwa hiyo ukikufaa uandikie kanuni ya udev (huduma ya Linux inayopanga vifaa vinapotambuliwa).

Kama kwa 16 bado ni 22 na Retr ni sifuri, hapo ndipo maneno ya muuzaji yanaanza kuwa na uzito. Ingia kwenye NAS, soma ripoti za SMART (diski zinavyojieleza afya yake), uangalie kama RAID (kundi la diski zinazofanya kazi kama moja) inajijenga upya.

Jambo moja hukulitaja: kama hifadhidata ya wagonjwa nayo imo kwenye diski hizo hizo. Diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika hungoja wastani wa milisekunde 4 ili data ifike chini ya kichwa, mbali na muda wa kichwa kusogea, kwa hiyo maombi ya hapa na pale huishia karibu 80 kwa sekunde kwa kila diski. Kusoma mbele hakutaisaidia, wala kadi ya 10 Gb/s. Hifadhidata ihamishie kwenye SSD, picha ziache zilipo.