Mitetea wa wiki 14 wasipewe chakula cha kutagia

Dada wa Ujiji, umesema mitetea wako wana wiki 14 na umeshaanza kuwapa chakula cha kutagia ili wawahi. Acha, tafadhali. Chakula hicho kina kalisi (kalsiamu) nyingi, karibu asilimia 4, na kuku ambaye hajaanza kutaga humuumiza figo. Warudishe kwenye chakula cha kukuzia mpaka wiki ya 17 au 18, vilemba vikianza kuwa vyekundu, kisha changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Wakishataga, kila mmoja apate gramu 110 hadi 120 kwa siku. Maji yasikauke kabisa.

Dagaa wetu wa ziwani ni protini nzuri mno, ila wewe mwenyewe uwaonje kwanza: wa chumvi huwaharisha kuku. Mimi husaga wale wakavu wanaovunjika kwa vidole. Wakiwa na unyevu siwanunui.